Fundi wa Vibao Vifupi

Fundi mzuri wa sakafu ya mbao huanza kazi kwa masikio. Huchukua vibao viwili, akavigonganisha, akasikiliza. Kibao kilichokauka hulia kwa sauti kali; chenye maji bado hutoa mlio mzito uliofifia. Akiwa na shaka, huchukua kibao kimoja akakipima kwenye mizani kila siku mpaka uzito uache kushuka. Hapo ndipo anapofungua kopo la gundi. Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mbao hunywa unyevu msimu mmoja na kuutoa msimu unaofuata. Kwa hiyo fundi huacha upenyo wa upana wa kidole kandokando ya ukuta, akaufunika kwa ubao mwembamba, ili sakafu ipate pa kutanukia. Mgeni hatauona upenyo huo kamwe. Ukikosekana, ataona sakafu imefura katikati ya chumba.

Nausifu ufundi huu hasa kwa sababu unatumia vipande vifupi. Seremala wa milango na vitanda hutaka ubao mrefu usio na fundo. Mpanga sakafu hutosheka na kipande cha shubiri moja. Masalio ya mbao kwenye karakana za mtaa wa Ndeeba hapa Kampala, ambayo kwingine yangekuwa kuni, yakifika mikononi mwake hupangwa kwa mshazari kama miiba ya samaki, na chumba kizima hupata uso mmoja. Kibao kikioza, hung'olewa hicho tu. Sakafu ikichakaa, hupigwa msasa, ikatiwa nta, ikaendelea kukanyagwa na wajukuu.

Basi anayetaka sakafu ya mbao bila kuumiza msitu na aanze kwa kutafuta mbao zilizokwisha kukatwa. Nyumba za zamani za mitaa ya Kololo na Nakasero zinabomolewa kupisha maghorofa, na katika baadhi yake kuna vibao vigumu vya miti ya asili vilivyolazwa tangu enzi za ukoloni. Vimekauka kwa miongo. Havidai mti mpya. Inauma kuviona vikipakiwa kwenye lori pamoja na vifusi.

Na mti mpya una gharama kubwa. Mwaka 1990 misitu ilifunika asilimia 24 hivi ya ardhi ya Uganda. Kufikia 2015 ilikuwa imebaki kama asilimia 9. Historia ya msitu wa Budongo, karibu na Masindi, inanisikitisha zaidi. Mwaka 1947 mtaalamu wa misitu Eggeling alieleza jinsi msitu huo unavyozeeka: kadiri miaka inavyopita, muhimbi hutawala. Muhimbi ni mti mgumu kiasi cha kula meno ya msumeno, na mbao zake ni za sakafu hasa, zile za kukanyagwa na watu wengi. Lakini soko lilitaka mkangazi, na katika miaka ya 1950 na 1960 wasimamizi wa msitu waliitilia sumu mihimbi mikubwa ili kuupisha mkangazi ukue. Miti ya sakafu bora iliuawa imesimama, kwa kuwa wanunuzi walipenda rangi nyingine.

Mvule nao una kisa chake. Mchwa hawaiwezi mbao yake, na katika mji wenye mchwa kama huu hilo si jambo dogo. Hata hivyo haukubali kirahisi kupandwa shamba zima peke yake: kuna mdudu mdogo anayeshambulia miche, akaivimbisha majani na vikonyo mpaka ikadumaa. Hustawi zaidi ukichanganyika na miti mingine, au ukisimama mmoja mmoja katika mashamba ya wakulima wa Busoga. Mbegu zake husambazwa na popo wa matunda, jamaa ya wale waliolipa bonde la Bat Valley la Kampala jina lake na ambao baadaye walionekana kwa maelfu Bugolobi. Watu huwalalamikia kwa kelele na uchafu. Mimi nawaheshimu kama wapanda miti.

Asiyepata vibao vya zamani ningemwelekeza kwenye mkaratusi wa kupandwa, mti ambao wengi wanaujua kwa nguzo na kuni tu. Kuanzia 2004 mpango uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya uliwasaidia wakulima wengi kupanda miti ya mbao, nayo inaendelea kukomaa. Mkaratusi hupasuka ncha ukikaushwa kwa pupa. Fundi wa vibao vifupi hukata ncha hizo akaendelea na kazi. Cheti cha usimamizi bora wa misitu nacho kisomwe, na maswali yaulizwe hata baada ya kukisoma: mwaka 2011 shirika la misaada la Oxfam lilichapisha madai ya wakazi wa Mubende na Kiboga kwamba waliondolewa kwenye ardhi kupisha mashamba ya miti yaliyokuwa na cheti.

Kuhusu malipo, sina subira na wenye nyumba wanaohesabu siku za kupanga tu. Vibao vya zamani hung'olewa vikiwa na lami mgongoni, na kila kimoja hukwanguliwa kwa mkono. Vipya hupangwa kivulini, vijiti vikitenganisha tabaka, kwa miezi mingi. Bei ya fundi na ihesabu kukwangua huko na kungoja huko, nasi tulipe bila kumkata hata shilingi.