Kumrudishia Sungura Mgonjwa Hamu ya Kula

Sungura wa kufugwa anapoacha kula, jambo la kwanza linalowajia wafugaji wengi wa Morogoro ni kumtafutia kitu kitamu, kama kipande cha ndizi mbivu au karoti iliyoteremshwa sokoni kutoka Mgeta, na akikitafuna huonekana amepona. Utumbo wake, hata hivyo, haujasaidiwa. Kinachoyasukuma matumbo ya sungura ni nyuzinyuzi ngumu za majani, na sukari huwalisha bakteria watoao gesi katika sikamu, yaani mfuko mpana ulioko mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo chembe laini za chakula huchachushwa. Kwa kuwa mnyama huyu hawezi kutapika, kilichoingia hakina njia ya kurudi. Akikosa chakula kwa muda wa saa 12 hadi 24 mwendo wa matumbo hupungua, gesi hujaa, na maumivu yanayofuata humfanya azidi kukataa kula.

Kwa hiyo chanzo hutafutwa kabla ya kishawishi. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, yale ya mbele kwa takriban milimita 2 au zaidi kwa wiki, na gego lenye ncha linalochoma ulimi humfanya asogelee chakula kisha akiache. Joto nalo halipuuzwi: mji wa Morogoro uko meta 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na nyuzi joto zikivuka 30 hata sungura mzima hupunguza kula, jambo ambalo mwenzake wa Mgeta, huko juu kwenye baridi ya milima ya Uluguru, halimsumbui sana.

Katika kushawishi, harufu hutangulia ladha. Jani la mchunga, lile chungu ambalo watu pia hulila kama mboga, hufikichwa vidoleni mpaka utomvu wake mweupe utoke, kisha hushikwa mbele ya pua ya mgonjwa badala ya kurundikwa kwenye sahani. Majani ya karoti, ambayo sokoni hukatwa na kutupwa, hufaa kuliko karoti yenyewe, na nyasi kavu hazikosekani kizimbani. Majani ya mparachichi, mti ulioenea katika milima hiyo ya Uluguru, ni sumu kwake.

Akiendelea kukataa, hulishwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lakini tumbo likiwa limevimba na kukaza kama ngoma halishwi, bali hupelekwa kwa daktari wa mifugo upesi. Chakula cha vidonge cha sungura hulowekwa katika maji ya uvuguvugu, husagwa, na huchujwa kisizibe bomba. Uji wa sembe, ambao hutolewa kwa huruma kubwa, ni wanga mtupu na huongeza gesi. Mnyama huketishwa wima, kamwe halazwi chali, na ncha ya bomba hupitishwa pembeni, kwenye pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, ambako mililita 1 humiminwa na kusubiriwa imezwe kabla ya nyingine. Kiasi cha mililita 10 kwa kila kilo ya uzito hutosha kwa mlo mmoja, na milo hurudiwa mara nne au tano kwa siku.

Hatari kubwa hutoka kabatini. Amoksilini ya kumeza, dawa iliyozoeleka mno majumbani, huua bakteria wema wa sikamu na kuwapa nafasi wale wenye sumu, na sungura aliyekuwa na nafuu huweza kufa kwa kuhara.

Nafuu yenyewe husomwa sakafuni kabla ya mizani. Punje za kinyesi hurudi zikiwa chache, ndogo na nyeusi, kisha hukua na kuwa za rangi ya kahawia, na zikivunjwa huonyesha vipande vya nyasi; mizani ya jikoni, inayotumika kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza, huweza kubaki palepale kwa siku kadhaa baada ya hapo, na mlo wa bomba hupunguzwa kidogo kidogo kadiri mgonjwa anavyokula nyasi mwenyewe.