Taa ya Barazani

Kabla ya kugusa waya wowote, binti huyu anachora. Yuko mwaka wa mwisho wa stashahada ya uhandisi wa umeme, amerudi likizo kwao Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, na mradi wa kumalizia chuo ameubeba ndani ya boksi la viatu: kihisi mwanga, kihisi mwendo, rilei, transista, rezista na chipu moja nyeusi. Wazo lenyewe si geni. Vyuo vyetu vya ufundi vimeona taa nyingi za kujiwasha na kujizima. Kilichonikalisha hapa ni mikono yake, na daftari lake.

Anaanza na giza. Kihisi mwanga ni kidude kidogo chenye mstari wa kujipinda-pinda usoni. Gizani kinauzuia umeme sana, kikimulikwa kinauachia upite. Anakiunga mfululizo na rezista ya kiloomu 10, anagusisha ncha moja ya mita kwenye maungio yao na nyingine kwenye waya hasi, anasoma volti, anaandika. Kisha anasubiri jioni. Upande huu wa ziwa jua huzama ng'ambo, Malawi, na maji huendelea kurudisha mwanga wakati nyuma ya nyumba kumeshakuwa giza. Kihisi kikitazama ziwani, taa itachelewa. Kwa hiyo anakiweka chini ya ukingo wa bati, kikielekea nchi kavu, na mahali ambapo mwanga wa taa yenyewe haukifikii. La sivyo taa ingewaka, kihisi kikadhani kumekucha, ikazima, ikawaka tena.

Bibi yake amekaa barazani anachagua maharage. Binti anasoma mita, anamtazama bibi, anasoma tena. Bibi anaposema macho hayaoni tena jiwe na punje, namba ya dakika ile inapigiwa mstari. Hapo ndipo taa itawaka. Namba ya kuzimia anaiweka mbali kidogo na hiyo, kwa sababu namba ikiwa moja tu, wingu jepesi linatosha kuifanya taa ipepese.

Kuchomelea anakufanya asubuhi, kukiwa na mwanga mzuri. Anafuta ncha ya kichomeo kwenye sponji lenye maji, anaigusisha kwenye mguu wa rezista na kwenye shaba ya bodi kwa pamoja, anatulia kidogo, ndipo anasogeza waya wa risasi kutoka upande wa pili. Risasi inayeyushwa na joto la shaba, inatambaa kuuzunguka mguu, inaganda iking'aa. Kiungo kimoja kimepoa kikiwa na rangi ya vumbi, kimevimba kama punje ya mtama. Kingeshika kwa muda, pengine miezi. Anakifyonza chote na kukirudia. Upande wa volti 230 ameutenga na ule wa volti 5 kwa kukata mfereji kwenye bodi, na haunganishi waya wa moto kabla ya kuzima mein swichi na kuhakikisha kwa testa.

"Mjukuu wangu, itajuaje kwamba ni mimi?" bibi anauliza.

"Haikujui wewe, bibi. Inalijua joto lako."

Ndivyo kilivyo kihisi mwendo: chini ya kofia yake nyeupe kinangoja joto la mwili lihame kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mjusi akipita juu ya kofia naye anaweza kuiwasha taa, na mijusi hufuata wadudu, wadudu hufuata taa. Kihisi kimewekwa mbali na balbu.

Lakini ustadi wake mkubwa nimeuona kwenye hesabu. Kifaa nacho kinakula umeme. Kikikesha macho kwa wati moja tu, usiku na mchana, kwa mwezi kinamaliza uniti 0.72. Taa ya LED ya wati 9 iliyosahauliwa chumbani saa moja kila siku inamaliza uniti 0.27. Hapo kifaa kingekula umeme mwingi kuliko kinaouokoa. Taa hiyohiyo ikikesha barazani saa 12 inamaliza uniti 3.24, ikiwaka apitapo mtu tu, jumla saa moja kwa usiku, ni 0.27. Barazani kuna cha kuokoa. Kwa mteja wa LUKU anayejitahidi asivuke uniti 75 za mwezi, uniti mbili au tatu zina maana.

Bado hajaridhika na ile wati moja. Anaipanga programu upya ili chipu ilale, iamshwe na kihisi mwendo peke yake. Rilei haili kitu mpaka taa iwake. Anapima, namba inashuka, anaandika. Anabadilisha adapta, anapima tena.

Swichi ya zamani ya barazani hakuiondoa. Ameiunga sambamba na rilei, ili siku kifaa kikifa bibi aiwashe taa mwenyewe. Katika jedwali la ripoti ametaja sehemu zote za nyumba. Kifaa amekipangia baraza na ukuta wa njia ya kwenda choo cha nje; mbele ya vyumba vya kulala vyote vitatu ameandika: swichi ya ukutani inatosha.