Haki ya Kuitwa kwa Heshima: Lugha ya Ulemavu baina ya Sheria, Methali na Riwaya

Utangulizi

Uhusiano baina ya fasihi na sheria haujapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa Kiswahili, licha ya kwamba nyanja hizi mbili hutumia malighafi moja, yaani lugha. Nchini Kenya uhusiano huo ulidhihirika wazi mwaka 2010, Katiba mpya ilipoidhinishwa. Kifungu cha 54 cha Katiba hiyo kinaorodhesha haki za watu wenye ulemavu: kufikia taasisi za elimu, maeneo ya umma, vyombo vya usafiri na habari, kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano, na kupata vifaa vya kuwawezesha kukabiliana na vikwazo vinavyotokana na hali zao. Hata hivyo, haki inayotangulia zote katika orodha hiyo ni kutendewa kwa heshima, na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyodunisha. Kwa maneno mengine, sheria kuu ya nchi inaanza na jina kabla ya kufika kwenye ngazi za jengo. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba haki hiyo ya kuitwa ni suala la kifasihi kama ilivyo suala la kisheria, na kwamba mhakiki anayeipuuza anaacha sehemu muhimu ya maana ya matini.

Jina na ngeli

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili chenyewe kinamdunisha mtu mwenye ulemavu kwa kumweka katika ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Dai hili lina mvuto, lakini halisimami likipimwa kwa sarufi. Kiongozi, kijana na kinyozi nao wana kiambishi hichohicho, na hakuna kiongozi aliyewahi kulalamika kwamba amefanywa kitu. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi huwarejesha wote katika kundi la viumbe wenye uhai: husemwa kiwete huyu amefika, wala si kiwete hiki kimefika. Kadhalika, maneno bubu na zeruzeru hayana kiambishi hicho, na bado huumiza.

Tatizo basi liko mahali pengine. Nomino moja, iwe kipofu au mlemavu, humeza jina la mtu, kazi yake, ukoo wake na fikra zake, ikabaki hali moja ya mwili iliyosimama badala ya nafsi nzima. Muundo wa mtu mwenye ulemavu hutanguliza utu, kisha ukaitaja hali. Tanzania ilichagua muundo huo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Tofauti kati ya miundo hii miwili inafanana na ile iliyopo baina ya mhusika bapa na mhusika aliyejengwa kwa kina: mmoja ni sifa iliyovishwa jina, na mwingine ni mtu aliye na sifa nyingi.

Ushuhuda wa methali

Methali za Kiswahili hutoa ushahidi unaokinzana. Kwa upande mmoja, hujafa hujaumbika na mcheka kilema hafi bila kumfika ni maonyo dhidi ya dharau. Yakichunguzwa kwa makini, hata hivyo, maonyo hayo yamejengwa juu ya hofu. Anayeonywa ni mtu asiye na ulemavu, na sababu anayopewa ya kutocheka ni kwamba zamu yake yaweza kufika. Utu wa anayechekwa hautajwi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa jeraha la mwili linafanywa adhabu ya utovu wa utii. Naye anayesema mwenye macho haambiwi tazama anachukulia kwamba kuona na kuwa na busara ni kitu kimoja.

Methali inayogusa kiini cha mjadala huu ni ukipenda chongo huita kengeza. Hapa wahenga waliigundua tasfida: mapenzi hubadilisha jina ili kupunguza makali ya hali. Baadhi ya wasomi huitumia hoja ya namna hii kukejeli istilahi mpya, wakidai kwamba kubadilisha jina hakumfungulii mtu mlango wowote. Hoja yao ina ukweli wa nusu. Tasfida ni hisani. Hutolewa na mwenye kupenda na huweza kukomeshwa anapochukia. Haki haitegemei mapenzi ya mtu. Kifungu cha 54 hakimwombi mwananchi alipende chongo, bali kinamtaka asimdunishe mwenye chongo, ampende au asimpende. Aidha, Katiba haikuishia kwenye jina: kifungu hichohicho kinafululiza hadi kwenye shule, barabara na habari. Jina lisilofuatwa na mlango ni tasfida tupu, lakini mlango unaofunguliwa kwa matusi nao haujamkaribisha mtu.

Mgogoro uko wapi?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unauchukulia ulemavu kuwa zao la mkabala baina ya hali ya mtu na vizuizi vya mazingira na mitazamo. Mtazamo huu unampa mhakiki swali lenye manufaa: je, mgogoro wa kazi ya fasihi umewekwa ndani ya mwili wa mhusika, au baina yake na jamii yake?

Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, yafaa kupimwa kwa swali hilo. Mwalimu Majisifu na mkewe Dora ni wazazi wa watoto wenye ulemavu. Mzigo wa malezi unamlemea Dora, naye baba anaionea haya familia yake na kuukimbilia ulevi. Mtunzi hapa ameuweka mgogoro mahali pake: kasoro inayochunguzwa ni ya baba, wala si ya watoto. Kwa kiwango hicho riwaya hii inapiga hatua kubwa kuliko masimulizi yanayoufanya ulemavu kuwa laana au malipo ya dhambi.

Hata hivyo, watoto hao hubakia kuwa kipimo cha tabia ya wazazi wao. Kupitia kwao msomaji anajua kwamba Dora ana subira na kwamba Majisifu ni mwoga. Wao wenyewe wanawaza nini, hilo haliwi kiini cha usimulizi. Kinaya chake ni kikubwa, kwani dhuluma mojawapo kuu katika riwaya hii ni wizi wa maneno: Majisifu ameuiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Msomaji anaghadhabishwa, na ndivyo inavyopasa, na kijana aliyenyang'anywa sauti. Lakini katika nyumba ya mwizi huyo wamo watoto ambao sauti zao hazijulikani, na msomaji huyohuyo hupita bila kuziulizia.

Ulinganisho na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, unaitilia nguvu hoja hii. Karama anashtakiwa, lakini anapewa nafasi ya kujitetea, na riwaya nzima inasimama juu ya kauli yake mbele ya baraza. Haki katika ulimwengu huo ni kusema na kusikilizwa. Kwa kipimo cha Karama, mhusika mwenye ulemavu ambaye husikitikiwa na kutetewa na wengine, ila yeye hasemi, hajafikishwa barazani.

Msomaji aliyesahauliwa

Uhakiki wa kifeministi uliwafunza wasomi kuuliza ni nani anayesawiriwa na ni nani anayesawiri. Suala la ulemavu linaongeza swali la tatu: nani anaweza kuisoma kazi yenyewe? Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu vitabu kunakiliwa kwa breli, sauti na maandishi makubwa bila kusubiri idhini ya mwenye hakimiliki. Katiba nayo inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Nadharia ya upokezi inayomzungumzia msomaji kana kwamba kila msomaji ana macho yanayoona chapa ndogo haijakamilika, na somo la fasihi simulizi lisilomfikia mwanafunzi kiziwi limeigeuza hadhira kuwa kundi teule.

Hitimisho

Mwaka 2025 Kenya ilitunga sheria mpya ya watu wenye ulemavu mahali pa ile ya mwaka 2003. Sheria huweza kuamuru ngazi iwekewe mteremko na mwajiri afanye marekebisho yanayofaa kazini. Haiwezi kuamuru mtunzi ampe mhusika wake ulimi, wala mhakiki ausikilize ukimya uliomo katika riwaya anayoisifu. Kazi hiyo imebaki kwa fasihi na kwa wanaoifundisha, na inaweza kuanzia katika orodha ya vitabu vya muhula ujao: ni vingapi vinapatikana kwa breli, na ni katika vingapi mtu mwenye ulemavu anasema kwa nafsi yake.