Kihisi cha DVD: bei rahisi ya nani?

Mdogo wetu mmoja wa fizikia alinitumia mpango wa TFC yake: anataka kutengeneza kihisi cha kupima magonjwa kwa DVD ya zamani. Kwenye ukurasa wa kwanza neno «bei rahisi» linarudi mara tatu. Sikumcheka, juu hata makala za vyuo vikubwa zinasema vile vile. Lakini bandugu, ile neno tulichunguze mbele ya kulirudilia.

Wazo lenyewe ni zuri. Juu ya uso wa dhahabu kuko elektroni zinazoweza kutikisika pamoja kama mawimbi. Njo tunaita plasmoni. Mwanga ukipiga dhahabu laini, hauwezi kuzitikisa peke yake, unahitaji msaada. Mwaka 1968 Otto na Kretschmann, huko Ujerumani, kila mmoja kwa namna yake, walitumia prisma ya kioo. Njia ingine ni mistari midogo sana iliyochongwa kwenye metali. Tangu 1902 Robert Wood, huko Marekani, aliona juu ya uso wa namna hiyo rangi fulani zinazimika ghafla, na sababu haikujulikana. Kumbe plasmoni njo zinameza ile rangi. Protini ikishika juu ya uso, rangi inayomezwa inasogea kidogo. Kupima ule msogeo njo kazi yote ya kihisi.

Na DVD iko na mistari tayari: nanometri 740 kutoka mmoja hadi mwingine, wakati CD iko na 1600. Weka dhahabu ya nanometri 50 hivi juu yake, unaanza kupima. Haiombi prisma, haiombi mafuta ya kuiunganisha na kioo. Hapo ninampa mdogo wetu pointi zote.

Sasa tuhesabu. Dhahabu ya unene huo, juu ya sentimeta moja ya mraba, ni karibu miligramu 0,1. Dhahabu tuko nayo, Kivu na Ituri zinajua. Lakini kuilaza sawasawa kunaomba chumba kilichoondolewa hewa, na umeme usiokatika katikati ya kazi. Ile mashini haikuingia kwenye hesabu ya «bei rahisi».

DVD nayo ni rahisi juu kiwanda fulani kilichonga kwanza muhuri wa nikeli, wa bei kali, kisha kikagonga nao plastiki nyingi sana. Sisi tunaokota mistari ya mwingine. Ilichongwa kwa kusoma filamu, na kina chake hatukichagui. Kina kikizidi, alama ya mwanga inapanuka na kipimo kinakosa ukali. Tena hapa mwanga unapita ndani ya sampuli yenyewe. Ukiweka damu, rangi yake inaleta fujo.

Kubwa zaidi ni joto. Maji yakipanda digri moja, uwezo wao wa kupinda mwanga unabadilika karibu 0,0001. Kwa mistari ya DVD, mwanga ukiingia wima, hiyo ni msogeo wa karibu nanometri 0,07. Utasema ni kidogo, lakini protini chache nazo zinaweza kusogeza kiasi kama hicho. Mtu akifungua dirisha saa sita, kihisi kinaweza kutangaza ugonjwa, kumbe ni jua. Na mgonjwa anayengoja jibu hajui kama ni jua.

Kwa hiyo bei rahisi iko kwa plastiki, haiko kwa jibu la kuaminika. Mdogo wetu asitupe DVD yake, abadilishe swali. Nyingi za kurekodi ziko na tabaka ya fedha ndani. Inaharibika haraka kuliko dhahabu, lakini kwa kujifunza inatosha. Achukue leza nyekundu, kipimapembe, kipimajoto na maji ya sukari. Aonyeshe namna joto la labo yetu linadanganya kipimo, na kama sehemu ya pembeni isiyowekwa sukari inaweza kusahihisha ule uongo.

TFC ya namna hiyo haitaahidi kuponya mtu. Lakini atakayekuja nyuma yake atajua anaanzia wapi, na hiyo bei njo tunaweza kulipa.