Gari la Moshi Lililopotea Njia

Wiyoni hakuna reli. Mtu aliyezaliwa katika mtaa huu, pembezoni mwa mji wa Lamu, akitaka kusikia mlio wa gari la moshi kwa masikio yake mwenyewe hana budi kuvuka maji hadi bara, kisha asafiri zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa. Mwaka 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudani Kusini walizindua mpango mkubwa wa bandari, barabara, bomba la mafuta na reli, vyote vianzie Lamu. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, lakini reli haijatandikwa. Walakini ni shida kumpata mtoto wa Wiyoni asiyelijua gari la moshi. Analijua kwa picha za sinema na televisheni, na kwa kuwa hana shahidi mwingine, picha hizo ndizo mwalimu wake. Je, mwalimu huyo hufundisha kweli?

Wako watu waliojipa kazi ya kumsahihisha. Hao ni wapenzi wa reli, ambao furaha yao ni kukamata makosa ya magari ya moshi katika michezo ya kuonyeshwa. Desturi yao ilistawi sana Uingereza. Mwaka 1942 mchapishaji Ian Allan alitoa huko kitabu kidogo chenye orodha ya namba za vichwa vya magari ya moshi vya Reli ya Kusini, na vijana wengi wakawa wanasimama stesheni, kalamu mkononi, wakizitia alama namba walizoziona kwa macho yao. Jicho lililozoezwa hivyo halipumziki hata likikaa mbele ya televisheni. Linaona kwamba kichwa kilichoondoka na mabehewa sicho kilichofika nayo. Linaona behewa lililoundwa miaka 20 baada ya kisa kinachosimuliwa. Sikio nalo linasikia mlio wa mvuke ukitoka katika injini ya dizeli. Mchezo wa Downton Abbey, ulioonyeshwa kwanza kati ya 2010 na 2015, una stesheni inayosemekana kuwa ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, hali picha zake zilipigwa katika stesheni ya Horsted Keynes iliyoko Sussex, kusini kabisa. Kabla ya 1923 reli za nchi ile zilikuwa mali ya makampuni mengi, kila moja na vyombo vyake na rangi zake. Kwa mjuzi wa mambo hayo, gari la kampuni ya kusini katika stesheni ya kaskazini ni kama kwetu kumwona nahodha akitweka tanga amevaa joho la harusi.

Watu wengi huwacheka wajuzi hawa. Husema kwamba mtu aliyeletewa kisa cha mapenzi na mauti, naye akashughulika na umbo la bomba la moshi, amekaribishwa karamuni akaenda kuhesabu sahani. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu imo humu humu mtaani. Waonyeshe mabaharia na wavuvi wa Wiyoni picha ya jahazi, uone kama watasubiri kisa kianze. Watatazama kwanza upepo uko wapi. Katika picha nyingi tanga hupigwa na upepo wa mbele likarudi nyuma kuulalia mlingoti, na chombo kikaendelea kwenda mbele kwa kasi, kana kwamba kimefungwa kamba na kinavutwa. Ndipo mzee mmoja atakaposema, bila kupandisha sauti, kwamba mna mashine imefichwa chini. Ukiwaonyesha mtepe wenye tanga la pembe tatu hawatakuvumilia, maana mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba ambacho visiwa hivi vilisifika kwa kukiunda, ulikuwa na tanga la mraba la mkeka. Ukiwaonyesha jahazi lenye shehena ya tende likiwasili Lamu kutoka Maskati katika mwezi wa Julai, likisukumwa na upepo wa nyuma, watauliza ni kusi gani hiyo inayovuma kutoka Arabuni. Vyombo vya Arabuni vilikuja kwa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, vikarudi kwa kusi. Hesabu hiyo ndiyo iliyojenga miji ya pwani, ikaamua ni lini watu watajirike na ni lini wangoje. Kwa hiyo mwenye kuukosea mwezi ameikosea biashara yote pamoja na maisha ya watu walioiendesha.

Mzee yule na kijana wa stesheni ni ndugu. Wote wawili wanadai kwamba kazi iliyofanywa na watu ionyeshwe kama ilivyofanywa. Lakini ndugu hao hawana budi kuulizwa swali moja: kosa gani ni la kucheka, na kosa gani ni la kukasirikia? Nionavyo mimi, wapenzi wa reli mara nyingi hawalitatui swali hili, kwa kuwa kila kosa kwao lina uzito mmoja. Na tuchukue filamu mbili zinazohusu reli yetu wenyewe, ile iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901.

Ya kwanza ni Out of Africa, filamu ya Sydney Pollack iliyotoka 1985 na kupata tuzo 7 za Oscar. Karibu na mwanzo wake Karen Blixen anasafiri kwa gari la moshi kutoka pwani kwenda Nairobi. Ni picha nzuri mno. Moshi mweusi, nyasi za rangi ya dhahabu, nchi pana isiyo na mwisho. Mpenzi wa reli ana sababu ya kufurahi, kwa kuwa behewa lililotumiwa si la kuigiza. Ni behewa dogo la wakubwa wa reli la zama zile zile, na lina habari yake ya kutisha. Usiku mmoja wa Juni 1900 lilikuwa limeegeshwa katika stesheni ya Kima, na ndani yake mkuu wa polisi Charles Ryall pamoja na wenzake wawili walikuwa wakimvizia simba mla watu. Usingizi ukawachukua, simba akaingia, akamwua Ryall na kumtoa kwa dirishani. Behewa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi.

Basi chombo ni cha kweli, lakini njia si ya kweli. Filamu inalipitisha gari katika Bonde la Ufa, nyuma ya vilima vya Ngong. Msomaji na afungue ramani. Reli ya kutoka Mombasa hupita Voi, Tsavo, Makindu na Kima, ikakata nyanda za Athi na kuingia Nairobi kutoka upande wa mashariki. Bonde la Ufa liko magharibi. Msafiri hakulifikia mpaka alipokwisha kuipita Nairobi, akapanda Kikuyu na Limuru. Karen wa filamu ameyaona aliyopaswa kuyaona baada ya safari kwisha. (Jambo la kuchekesha ni kwamba reli mpya iliyofunguliwa Oktoba 2019 kutoka Nairobi kwenda Naivasha hutoboa ardhi karibu na Ngong kwa handaki la zaidi ya kilomita 4 na kutokea bondeni. Kwa hiyo leo gari hupita jirani na pale ambapo Pollack alilipitisha la kwake, ila ni la dizeli, na linakwenda upande mwingine.)

Kosa hili nalihesabu kuwa kubwa, ingawa halihusu hata msumari mmoja wa gari. Mtoto wa Limuru au wa Voi ataling'amua. Mtoto wa Wiyoni hataling'amua, wala yule wa Chicago au Copenhagen, na kwao wote nchi ya Kenya itakuwa imepangwa upya, milima na mabonde vikahamishwa kwa ajili ya uzuri wa picha. Filamu hiyo hiyo inawakutanisha Karen na Denys Finch Hatton katika safari ile ya kwanza, gari liliposimama porini kupakia pembe za ndovu. Kwa kweli walikutana 1918, yaani miaka minne baada ya Karen kufika. Inamwoza Nairobi, hali aliolewa Mombasa tarehe 14 Januari 1914. Haya sina ugomvi nayo. Msimulizi ana haki ya kukunja miaka ili kisa kiingie katika saa mbili au tatu, na watu wa kisa hicho wana vitabu vingi vya kuwatetea. Ardhi haina wa kuitetea ila mtazamaji mwenye kuijua.

Filamu ya pili ni The Ghost and the Darkness, iliyoongozwa na Stephen Hopkins na kutoka 1996. Habari yake ni simba wawili wa Tsavo ambao mwaka 1898 waliwaua wajenzi wa daraja chini ya mhandisi J. H. Patterson. Sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Hapo wapenzi wa vipimo wanapata karamu. Reli ya zamani ya Kenya ina upana wa milimita 1,000, na ya Afrika Kusini milimita 1,067. Tofauti ni upana wa vidole vinne hivi, na jicho la binadamu haliwezi kuukamata upana huo juu ya kiwambo cha sinema. Atakayeufanyia ugomvi na aufanye, lakini kwangu hilo ni la kucheka. Manyoya ya shingoni ni jambo kubwa kidogo. Simba wa filamu wana manyoya mengi kama simba wa nembo za wafalme, na wale wa Tsavo, ingawa walikuwa madume, hawakuwa nayo. Mtu yeyote aweza kuwatazama katika makumbusho ya Field mjini Chicago. Nafikiri waliotengeneza filamu waliogopa kwamba watu hawatasadiki simba dume asiye na manyoya, wakaacha kweli ili wasadikiwe.

Zaidi ya hayo filamu imemzua mwindaji wa Kimarekani aitwaye Remington, aje kumsaidia Patterson. Mtu huyo hakuwako. Patterson aliwaua simba wote wawili mwenyewe, katika Desemba 1898. Kumwongeza shujaa wa kubuni huenda kukaonekana kuwa jambo dogo, na katika kisa kingine lingekuwa dogo. Lakini nafasi ya kisa ni kama nafasi ya chombo. Ukipakia shehena moja, nyingine hubaki ufuoni. Iliyobaki ufuoni ni habari ya wafanyakazi wenyewe.

Reli ile ilijengwa na vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, ambao kati yao 2,493 walifariki, pamoja na Waafrika wengi, miongoni mwao watu wa pwani hii. Hesabu ya Wahindi imeandikwa mpaka mtu wa mwisho. Patterson, katika kitabu chake cha 1907, alitaja Wahindi 28 kuwa ndio walioliwa na simba wa Tsavo. Kuhusu Waafrika alisema tu kwamba walikuwa makumi kadhaa, na kwamba serikali haikuweka hesabu yao. Baadaye, mwaka 1925, yeye mwenyewe alitoa jumla ya 135. Wataalamu waliopima nywele na mifupa ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kwamba walioliwa walikuwa kama 35. Mpenzi wa reli aweza kukutajia namba ya kila kichwa cha gari kilichowahi kuvuka daraja la Tsavo, na behewa la Ryall lina namba yake hata leo. Hapo ndipo ningependa jicho lake kali lielekezwe. Amezoea kuuliza kama namba iliyopakwa ubavuni mwa injini ni sahihi kwa mwaka wa kisa. Na aulize pia kwa nini baadhi ya watu walioliwekea gari hilo mataruma hawakupewa namba yoyote. Swali hilo halihitaji elimu tofauti na ile aliyo nayo. Ni desturi ile ile ya kutoridhika na kitu kilichoachwa ovyo.

Filamu haikuwasahau vibarua kabisa. Inawaonyesha wakikata tamaa na kuondoka, wakimwacha Patterson na wenzake wachache. Ila inawaonyesha kama watu wa nyuma ya pazia, ambao kuondoka kwao kunamwachia shujaa uwanja. Kisa chenyewe, kama Patterson alivyokisimulia, kina nguvu kuliko hivyo. Tarehe 1 Desemba 1898 vibarua walimwendea wakamwambia kwamba walitoka kwao kuja kufanya kazi ya serikali, wala hawakuja kuwa chakula cha simba. Gari la moshi lilikuwa likija. Mamia yao wakajilaza juu ya reli mbele yake. Dereva akasimamisha gari, wakapanda mabehewani pamoja na vitu vyao, wakaenda zao. Na kwa muda wa majuma matatu kazi ya daraja la Tsavo ikalala.