Mkimbizi, Raia, Mwenegihugu: Kukisoma Upya Kitabu cha Liisa Malkki

Muhula huu wanafunzi wetu wa isimujamii wamesoma kitabu cha Liisa Malkki, Purity and Exile, kilichochapishwa Chicago mwaka 1995. Kwa kuwa kinawahusu Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, na miongoni mwao wamo jamaa za baadhi ya wanafunzi wetu, tumeona vema kutoa maoni machache katika kurasa hizi.

Malkki alifanya utafiti wake mwaka 1985 na 1986 katika sehemu mbili: makazi ya Mishamo na mji wa Kigoma. Wale wa Mishamo walijiona kuwa taifa lililo uhamishoni. Walisimuliana historia yao mara kwa mara, wakaikataa fikra ya kuchukua uraia wa Tanzania. Jina la mkimbizi halikuwa aibu kwao, bali ushahidi kwamba iko siku watarudi. Wale wa Kigoma walioana na wenyeji, wakabadili majina, wakajiita Waha au vinginevyo kadiri ya haja. Sehemu hii ya Kigoma, kwa maoni yetu, ndiyo bora kuliko zote kitabuni, na mwanaisimu anaielewa upesi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana mno. Anayesema "kurara" badala ya "kulala" atajulikana Dar es Salaam kuwa ametoka mbali, lakini Kigoma nani atamshangaa?

Kasoro tunayoiona inahusu Mishamo. Mwaka 2007 na 2008 wakimbizi wa 1972 waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Karibu wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa watu 162,000 hivi wamekubaliwa, lakini vyeti vilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2014. Miaka hiyo minne waliishi bila hati mkononi, huku wakiambiwa wahame makazi waliyoyalima tangu ujana wao, sharti ambalo baadaye liliachwa.

Sasa msomaji wa Malkki atauliza: lile taifa lililo uhamishoni limekwenda wapi? Hatusemi kwamba mtafiti alidanganywa, la hasha. Aliwasikiliza zaidi wasimulizi wa historia, na wasimulizi walimwambia waliyoyaamini. Lakini wakati wazee wakisimulia, watoto walikuwa wakisoma kwa Kiswahili katika shule zilizofuata mitaala ya Tanzania. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji awe anajua Kiswahili au Kiingereza, na watoto hao walilitimiza sharti hilo kabla ya kujua kwamba lipo. Kitabu kinaipa historia nafasi kubwa na lugha nafasi ndogo. Kwa hiyo hakituandai kwa yaliyotokea baadaye.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia, na Kirundi husema vivyo hivyo: impunzi hutokana na guhunga. Lakini aliyezaliwa Katumba mwaka 1985 alikimbia nini? Kisarufi jina halimfai, na bado aliitwa hivyo mpaka akapata watoto wake. Raia ni neno la Kiarabu lenye asili ya kundi linalochungwa. Kirundi husema umwenegihugu, na ile "mwene" ni ndugu wa "mwenye" na "mwenyeji" wetu: mtu aliye wa nchi, na nchi ni yake. Cheti kinampa mtu uraia. Hilo la pili sijui kama liko katika karatasi yoyote, na hapa, wasomaji watusamehe, tumeteleza tukasema "sijui" badala ya "hatujui". Tena uraia huo wa kuomba huitwa uraia wa tajnisi, neno lenye shina moja na jinsi na jinsia, kana kwamba mtu anageuzwa aina yake. Wanafunzi walilicheka sana neno hili, kisha wakanyamaza.

Mmoja wao anakaa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara iendayo Rumonge. Alizaliwa Katumba. Babu yake alirudi mwaka 2008, mdogo wake babu akabaki na kupewa cheti. Darasani Kiswahili cha binti huyu ndicho tunachowaambia wengine wakiige, na alama tunazompa zinaonyesha hivyo. Sokoni Kiswahili hichohicho humfanya aitwe Umuswahili, neno ambalo hapa kwetu, kama tujuavyo, si la kusifu. Tulipomwuliza jamaa zake wanasemaje, alijibu: "Mwalimu, babu wa Katumba akipiga simu husema 'sisi Watanzania', tena kwa sauti. Babu wa Ruziba hunyamaza kidogo, halafu humwuliza kama mvua imenyesha."

Malkki angekuwa darasani siku hiyo, tunadhani angeongeza sura. Binti ameomba kuandika tasnifu yake kuhusu maneno ambayo pande mbili za ukoo mmoja hutumia kujitaja, na tumemkubalia. Nakala ya kitabu tuliyo nayo ni moja tu, na kwa sasa iko Ruziba.