Mizani na Hukumu katika Ushairi wa Dar es Salaam

Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Meya wa Dar es Salaam, alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliwapa washairi kipimo: vina, na mizani 16 katika mshororo wa shairi la kawaida. Kipimo hicho kilifaa, ila kiliwazoeza wahakiki kuhesabu. Basi Euphrase Kezilahabi, mhitimu wa Chuo Kikuu cha mji huo huo, alipotoa Kichomi mwaka 1974, ubishi ukawa juu ya jina tu: je, haya ni mashairi? Hata watetezi wake, nao walikuwa hodari, waliutetea zaidi uhuru wa mtunzi kuliko tungo zenyewe. Nazo, kwa maoni yangu, hazilingani: katika baadhi, pumzi ya msemaji ndiyo ikatayo mstari, nyingine ni nathari iliyopangwa kwenda chini.